Usalama wa hafla huanzia kwa jirani, si langoni

Mwandalizi wa hafla anayehesabu tiketi zake peke yake huwa amehesabu sehemu tu ya umati utakaomfikia. Sehemu iliyosalia imo katika kalenda za majirani wake: mechi inayochezwa ng'ambo ya barabara, tamasha la muziki katika bustani iliyo karibu, mahafali ya chuo, mkutano wa injili, au mkutano wa kisiasa uliotangazwa siku tatu tu zilizopita. Watu hao hawakununua tiketi yake wala hawana haja na jukwaa lake, lakini watapita njia ile ile, watapanda matatu katika steji ile ile, na mambo yakiharibika watahitaji ambulensi zile zile.

Ndiyo sababu wasimamizi wa viwanja na kumbi kubwa duniani wameifanya kazi ya kufuatilia hafla za jirani kuwa sehemu ya mpango wa usalama. Si kazi ya kijasusi wala haihitaji mitambo ya bei ghali. Inahitaji kalenda, simu na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu hilo rasmi.

Nchini Kenya suala hili limepata uzito mpya tangu Septemba 2023, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa nafasi ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

UJIRANI HAUPIMWI KWA KILOMITA PEKEE

Jambo la kwanza ambalo mpangaji hupaswa kuamua ni nani hasa jirani yake. Wengi huchora duara la kilomita moja au mbili kwenye ramani na kuridhika. Umbali huo una maana kwa sababu ni mwendo ambao mtu hutembea bila kuona taabu. Hata hivyo, kumbi mbili zinaweza kutenganishwa na kilomita tano na bado zikawa majirani, iwapo zinategemea barabara moja.

Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi ni mfano mzuri. Uwanja huo uliofunguliwa mwaka wa 1983 umejengwa mahali ambapo barabara za Uhuru Highway, Mombasa na Lang'ata hukutana. Anayeelekea katika bustani ya Uhuru Gardens au viwanja vya Carnivore kutoka katikati ya jiji kwa kawaida hupitia makutano hayo na kuifuata Barabara ya Lang'ata. Hivyo basi, tamasha la muziki linalofanyika Uhuru Gardens ni jirani wa mechi inayochezwa Nyayo, ingawa mashabiki wa mechi hawawezi hata kusikia ngoma zake.

Kasarani ni hali nyingine. Katika ua mmoja mna uwanja mkuu uliofunguliwa mwaka wa 1987, ukumbi wa michezo ya ndani na kidimbwi cha kuogelea, na wageni wote hutegemea kwa kiasi kikubwa Barabara Kuu ya Thika. Huko jirani yumo ndani ya ua mmoja na mwenyeji.

Katika Barabara ya Ngong, uwanja wa Talanta, ambao ujenzi wake ulianza mwaka wa 2024, umewekwa karibu na viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Jamhuri, na barabara hiyo hiyo ndiyo inayoelekea katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Si Nairobi pekee yenye ujirani wa aina hii. Jijini Dar es Salaam, uwanja wa Benjamin Mkapa na ule wa zamani wa Uhuru viko bega kwa bega katika eneo la Temeke.

Kwa ufupi, jirani ni yeyote anayetumia barabara, steji, maegesho, askari au hospitali ambazo mwandalizi anazitegemea, katika saa zile zile.

HESABU ZA MILANGO NA BARABARA

Umati haupangwi kwa kubahatisha. Mwongozo wa Uingereza kuhusu usalama wa viwanja vya michezo, ambao ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1973 na ambao hutumiwa kama kipimo katika nchi nyingi, unasema kwamba kijilango kimoja cha kuzunguka kisikadiriwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Ichukuliwe kwamba uwanja una vijilango 10. Vyote vikifanya kazi bila hitilafu, watu 6,600 wataingia kwa saa moja. Mashabiki 20,000 watahitaji takriban saa tatu.

Shida ni kwamba mashabiki hawafiki kwa mpangilio huo. Iwapo watu 10,000 kati yao watafika katika saa ya mwisho, 3,400 watakuwa bado wako nje wakati kipenga cha kwanza kinapopulizwa. Hao wakisimama wanne katika kila mita moja ya mraba, watajaza eneo la mita 850 za mraba. Msongamano ukipita watu watano katika mita moja, mtu huanza kupoteza uwezo wa kuamua aende wapi; husukumwa na umati, na akianguka ni vigumu kuinuka.

Basi na izidishwe hafla ya jirani. Mwongozo huo huo unakadiria kwamba katika njia tambarare, watu wasiozidi 82 wanaweza kupita kwa dakika katika kila mita moja ya upana. Njia yenye upana wa mita sita itapitisha watu 492 kwa dakika. Mashabiki 20,000 wakitoka kwa pamoja wataimaliza njia hiyo kwa dakika 41 hivi. Lakini ikiwa watu 8,000 wa tamasha la jirani wataachiliwa saa hiyo hiyo waingie katika njia hiyo hiyo, muda unafika dakika 57, na nyuma yao foleni inazidi kunenepa. Hakuna hata mmoja kati ya waandalizi hao wawili aliyefanya kosa katika hesabu zake mwenyewe. Kosa ni kwamba hakuna aliyejumlisha hesabu za wote wawili.

Mara nyingi dawa yake ni nyepesi: mmoja asogeze saa ya kumaliza mbele au nyuma kwa dakika 45, au mmoja atumie lango la upande wa pili. Mabadiliko kama hayo hayana gharama yakifanywa mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe. Yakitakiwa saa mbili kabla, hayawezekani.

ENEO LISILO NA MWENYEWE

Uchunguzi wa mikasa mingi umeonyesha kwamba hatari hukaa kati ya mlango wa ukumbi na kituo cha usafiri, mahali ambapo kila mmoja hudhani mwenzake ndiye mlinzi.

Usiku wa Mei 22, 2017, katika mji wa Manchester nchini Uingereza, mshambuliaji alilipua bomu wakati mashabiki walipokuwa wakitoka katika tamasha la mwanamuziki Ariana Grande na kuwaua watu 22. Hakuingia ukumbini. Alisubiri katika sebule inayouunganisha ukumbi huo na kituo cha treni cha Victoria, eneo lililokuwa nje ya mpaka wa ukaguzi na ambalo lilitumiwa pia na wapita njia. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma, iliyotolewa Juni 2021, ilitaja fursa kadhaa zilizopotezwa za kumtambua mshambuliaji huyo. Mkasa huo ndio uliozaa sheria iliyotiwa saini Aprili 2025, inayowataka wenye majengo yanayoweza kukusanya watu 200 au zaidi wawe na mipango ya kuwalinda, na masharti kuwa makali zaidi panapotarajiwa watu 800 na kuendelea.

Mkasa wa pili ulitokea London. Julai 11, 2021, Uingereza na Italia zilipokutana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya ugani Wembley, takriban watu 2,000 wasio na tiketi walifanikiwa kuingia. Ripoti ya Louise Casey, iliyotolewa Desemba mwaka huo, ilieleza jinsi umati ulivyoanza kujaa nje ya uwanja saa nyingi kabla ya mechi, huku watu wakibugia pombe. Miongoni mwa mambo yaliyochangia, ilitaja ukosefu wa maeneo ambako mashabiki wasio na tiketi wangekusanyika kutazama mechi, kwa kuwa masharti ya kudhibiti ugonjwa wa Covid-19 yalikuwa bado yanatumika.

Hapo pana funzo ambalo wengi hulisahau. Hafla ya jirani si tishio siku zote. Skrini kubwa iliyowekwa katika bustani iliyo mbali na uwanja, yenye vyoo, maji na walinzi, huwapunguza watu ambao wangekwenda kubisha langoni. Kwa hiyo anayefuatilia kalenda ya mtaa hapaswi kuuliza tu ni hafla gani zipo, bali pia ni ipi inayokosekana.

Na upo mfano wa Paris. Novemba 13, 2015, washambuliaji walijilipua nje ya uwanja wa Stade de France wakati Ufaransa ilipokuwa ikicheza na Ujerumani, na usiku huo huo wenzao waliwashambulia watu katika mikahawa na katika ukumbi wa Bataclan, ambako watu 90 waliuawa wakiwa kwenye tamasha. Mechi iliendelea hadi mwisho, na baada ya kipenga cha mwisho maelfu ya mashabiki walikaa katikati ya uwanja wakisubiri hali itulie. Uamuzi wa kuwaachilia watu au kuwazuia hutegemea habari za yale yanayotendeka mitaani, na habari hizo haziwezi kupatikana haraka kama hakuna uhusiano uliojengwa mapema kati ya kumbi, polisi na wenye vyombo vya usafiri.

YALIYOIPATA NAIROBI

Kenya haikosi mifano yake, na mingine ni ya majonzi. Oktoba 23, 2010, mashabiki saba walifariki kutokana na mkanyagano katika uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya watani wa jadi Gor Mahia na AFC Leopards, umati ulipokuwa ukisukumana kuingia.

Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, mashabiki waliingia Kasarani kwa nguvu bila tiketi katika mechi za timu ya taifa. Shirikisho la Soka la Afrika liliamuru mashabiki wasizidi 27,000 katika mechi ya Harambee Stars dhidi ya Zambia, na waliotaka kuingia wakatakiwa kuwa na tiketi za kielektroniki. Uamuzi kama huo hupunguza watu ndani ya uwanja, lakini haupunguzi hamu ya walio nje. Mwenye ukumbi, baa au bustani yenye skrini karibu na Kasarani alipaswa kujua siku hiyo kwamba wageni wake wangeongezeka.

Oktoba 16, 2025, shughuli ya umma kuutazama mwili wa aliyekuwa waziri mkuu, Raila Odinga, ilihamishwa kutoka Majengo ya Bunge hadi Kasarani kutokana na wingi wa waombolezaji. Fujo zilizuka, polisi wakafyatua risasi na vitoa machozi, na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata, wengi walijeruhiwa katika msongamano wakati wa ibada ya kitaifa ugani Nyayo. Shughuli hizo hazikuwa na tiketi, lakini zilidhihirisha kanuni inayohusu hafla zote: mahali pakibadilishwa kwa ghafla, umati huhama pamoja na shughuli, na kila aliye njiani huwa jirani kabla hajapata taarifa.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Kenya kuhusu Utulivu wa Umma inamtaka anayepanga mkutano wa hadhara au maandamano kutoa notisi kwa polisi, siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Ikiwa notisi nyingine ya mahali hapo hapo, siku hiyo na saa hiyo ilikwisha pokewa, afisa wa polisi anapaswa kumjulisha mwandalizi wa pili mara moja.

Kifungu hicho kinazuia mikutano miwili kugongana katika uwanja mmoja. Hata hivyo, hakimlazimishi mtu yeyote kulinganisha uwanja mmoja na ule ulio ng'ambo ya barabara. Aidha, muda wa siku 14 ni mfupi mno kwa hafla ambayo tiketi zake huuzwa kwa miezi miwili. Pengo hilo huzibwa tu na waandalizi wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Baada ya watu 43 kufariki Aprili 11, 2001 katika uwanja wa Ellis Park jijini Johannesburg, mechi ya Kaizer Chiefs na Orlando Pirates ikiendelea, tume ya uchunguzi ililaumu, pamoja na mambo mengine, makadirio mabaya ya idadi ya watakaohudhuria. Mwaka wa 2010 nchi hiyo ilipitisha sheria ya usalama katika michezo na burudani. Chini yake, mashirika ya michezo hupeleka ratiba ya hafla zao kwa polisi, na kila hafla hupewa daraja la hatari: ya chini, ya kati au ya juu. Manufaa yake ni kwamba ratiba za wengi hufika katika meza moja, na aliye mezani huweza kuona tarehe zinazogongana.

NAMNA YA KUFUATILIA

Kwa ukumbi wa kawaida nchini, kazi hii inaweza kugawanywa katika vipindi vinne.

Miezi miwili kabla: Mhusika akusanye ratiba. Atazame mechi za ligi, matangazo ya wauza tiketi, sikukuu za kitaifa, mahafali ya vyuo, mikutano ya makanisa, maonyesho ya kilimo na siku za mitihani. Redio za mtaa na mabango ya barabarani yasidharauliwe, kwa sababu hafla nyingi hazitangazwi kwingine. Kila hafla iandikwe mahali, saa ya kufungua milango, saa ya kumaliza, idadi ya viti na aina ya watu wanaotarajiwa.

Wiki mbili kabla: Awapigie simu wasimamizi wa kumbi jirani, kituo cha polisi, ofisi ya kaunti inayotoa leseni na viongozi wa matatu na bodaboda. Swali muhimu zaidi ni saa ya kumaliza, kwa kuwa kuingia huchukua saa nyingi lakini kutoka hutokea kwa mkupuo. Aulize pia iwapo tiketi za jirani zimekwisha. Hafla iliyouza tiketi zote huvuta watu wasio nazo, na hao wakikataliwa mlango wa kwanza hujaribu wa pili.

Siku tatu kabla: Orodha ipitiwe upya, kwani huu ndio mwisho wa kutoa notisi za mikutano ya hadhara. Utabiri wa hali ya hewa utazamwe. Mvua huwafukuza watu katika bustani na kuwasukuma kwenye kumbi zenye paa. Habari za migomo ya usafiri zifuatiliwe vile vile. Fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya Mei 28, 2022 ilichelewa kwa zaidi ya nusu saa, na mgomo katika njia moja ya treni, uliowafanya mashabiki wengi kufika kwa njia nyingine, ulichangia msongamano nje ya uwanja.

Siku yenyewe: Mtu mmoja katika chumba cha kuelekezea shughuli apewe kazi ya kuzungumza na majirani tu. Awe na namba ya simu ya mwenzake katika kila ukumbi, na apige kila hafla ya upande mmoja inapochelewa, kuahirishwa au kukatizwa. Mechi ikienda muda wa nyongeza na mikwaju ya penalti, saa ya kutoka husogea kwa zaidi ya nusu saa, na mwenye tamasha la jirani anapaswa kulijua hilo kabla hajazima taa za jukwaa.

Baada ya hafla, kumbukumbu ziandikwe: watu walitoka saa ngapi, steji ilijaa kwa muda gani, nani hakupokea simu. Kumbukumbu za mwaka mmoja zina faida kuliko makadirio ya mtaalamu mgeni.

MIPAKA YA KAZI HIYO

Upo mstari usiopaswa kuvukwa. Kinachofuatiliwa ni hafla, si watu. Mpangaji anahitaji kujua kwamba watu 5,000 watatoka katika bustani fulani saa nne usiku. Hahitaji majina yao wala namba zao za simu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data, ya mwaka wa 2019, inaweka masharti kuhusu habari za kibinafsi, na muuza tiketi anayeombwa orodha ya wateja ana haki ya kukataa.

Vile vile, kalenda ya hafla isigeuzwe kisingizio cha kupiga marufuku mikutano. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Tarehe mbili zinapogongana, shabaha iwe kupanga saa, njia na askari ili hafla zote mbili zifanyike, wala si kumtoa mnyonge ili mwenye nguvu apate nafasi.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika usalama wa hafla, ni heri kumuuliza mwenzako atanyolewa lini. Msimamizi wa ukumbi ambaye hawezi kutaja hafla tatu zitakazofanyika karibu naye Jumamosi ijayo bado hajaukamilisha mpango wake wa usalama, hata kama ameajiri walinzi mia moja na kuweka kamera katika kila kona.